Nywele zinazorudi nyuma na mba: tuanze vipi bila kupoteza feza

Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa shirika la msaada mbele ya wanachama wetu, Lubarika. Tumeyaandika karibu sawa na yalivyosemwa, pamoja na maulizo yaliyofuata.

 

Najua wengine mmeshangaa kuona kwenye ajenda ya leo, kati ya mbegu za mpunga na hesabu za AVEC, kuko neno "nywele". Mzee mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniambia: "Mtoto wangu, sisi tuko natafuta mabati, wewe unatuletea habari ya nywele?" Nikamwomba anisikilize kwanza. Nawaomba na nyinyi vilevile.

Kazi yangu ni kuzunguka kwenye nyumba zenu. Nauliza juu ya shamba, juu ya watoto waliorudia shule, juu ya karatasi za kiwanja. Tukimaliza, nikiwa tayari nimeshika pikipiki, njo mtu anashusha sauti: "Muganga, angalia hapa." Mimi si muganga, nilisoma afya ya jamii tu. Lakini naangalia. Kijana anainua kofia, kipaji kimepanda juu pande zote mbili. Mama anafungua kitambaa, nywele za pembeni juu ya masikio zimekwisha. Mwingine anajikuna, unga mweupe unaanguka kwenye mabega. Kisha wananionyesha vichupa walivyonunua soko la Luvungi, ama Uvira mjini, ama ng'ambo Bujumbura. Vingine havina hata jina la dawa iliyomo ndani. Na feza iliyonunua vile vichupa ilitoka kwenye minervali ya watoto, ama kwenye mkopo wa AVEC.

Njo sababu nasimama hapa. Kuna feza ya chama inayopotea, kuna ngozi za watu zinazoungua, na kuna kazi ya kusuka ambayo dada zetu wengi wanakulia chakula. Vitu hivi vitatu vinashikana.

TUJUE KWANZA NYWELE INAFANYA NINI

Nywele ya kichwa inaota karibu sentimeta 1 kwa mwezi. Inaota miaka kadhaa, kisha inapumzika karibu miezi 3, kisha inaanguka na ingine inatoka pahali pake. Kila siku mtu mzima anapoteza nywele 50 mpaka 100, na hiyo si ugonjwa. Ukiona nyuzi chache kwenye kitana, usipige kelele.

Hapo tunapata sheria ya kwanza: hakuna dawa ya nywele inayoweza kuonyesha kazi yake kwa wiki moja. Anayekuambia "siku saba utaona" anakudanganya, hata akiwa jirani yako. Dawa ya kweli unaipima kwa miezi.

Sheria ya pili: kabla ya kununua kitu, jua nywele zako zinaondoka kwa sababu gani. Hapa kwetu naona sababu nne.

Ya kwanza ni ya wanaume zaidi. Kipaji kinarudi nyuma kwenye kona mbili, utosi unakuwa mwepesi, polepole, bila maumivu. Hii inatokana na ukoo. Kuna homoni ya kiume ambayo mwili unaigeuza, na mashina ya nywele ya watu wengine yanaisikia zaidi: kila mara nywele inatoka nyembamba na fupi kuliko ile ya mbele yake, mpaka haionekani tena. Haiji juu ya kofia, wala juu ya kubeba mizigo. Haiji juu ya mtu amekutupia kitu. Na si alama ya kwamba umezeeka: kwa wengine inaanza hata kabla ya miaka 25.

Ya pili ni ya bamama na wasichana: kuvutwa. Masuko ya kubana sana, meshi nzito, wiki juu ya wiki. Nywele zinaondoka pale zinapovutwa zaidi, yaani kwenye kipaji na juu ya masikio. Mara nyingi unaona mstari mwembamba wa vinywele vifupi umebaki mbele kabisa, na nyuma yake ngozi tupu. Ukiacha kuvuta mapema, zinarudi. Ukiendelea miaka, shina linakufa, ngozi inakuwa laini na kung'aa, na hapo hakuna pomadi itakayolifufua.

Ya tatu inatuhusu sisi tuliorudi kutoka ukimbizini. Mtu akipata homa kali, akizaa, akikosa chakula, ama akipita kwenye woga mkubwa, nywele nyingi zinaingia kwenye mapumziko kwa mara moja. Hazianguki siku ile. Zinaanguka miezi 2 ama 3 baadaye. Kwa hiyo mtu anatoka Nyarugusu, ama Gasorwe, ama Bwagiriza, anafika hapa salama, anajenga kibanda, anapanda mihogo, na sasa ambapo amepumua, nywele zinaanza kutoka kwa mikono. Anasema: "Ni maji ya hapa." Anasema: "Ni sabuni ya hapa." Maji ya hapa hayana kosa. Nywele inalipa deni la safari. Mara nyingi ndani ya miezi 6 hivi zinarudi zenyewe, mtu akila vizuri: maharage, ndagala, karanga, soja, lengalenga. Mama aliyezaa vilevile: zinaanguka mtoto akiwa na miezi kama 3, na kabla ya mtoto kufikisha mwaka zimekwisha kurudi. Msimuuzie dawa.

Ya nne ni ya watoto: mapunye. Mabaka ya duara, magamba, nywele zimekatika karibu na ngozi, mtoto anajikuna. Ni kuvu, na inaambukiza kwa kitana, kofia na mashine ya kunyolea. Pomadi peke yake haiwezi, kwa sababu kuvu iko ndani ya shina. Inatakiwa dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki 6 mpaka 8, kipimo kikitolewa na muganga kufuatana na uzito wa mtoto, na imezwe pamoja na chakula chenye mafuta. Na tena, mtoto ambaye nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, zinang'oka bila nguvu, miguu imevimba: ile ni bwaki. Usitafute pomadi, kimbia kituo cha afya siku ileile.

MBA: ANZA NA HII, NJO RAHISI

Sasa tuje kwenye mba. Watu wanaona haya juu yake, wanafikiri ni uchafu. Si uchafu, wala haiambukizi. Kwenye ngozi ya kichwa ya kila mtu kunaishi kuvu kadogo kanakoitwa malasezia. Kanakula mafuta ya ngozi. Kwa watu wengine ngozi inachukia kazi yake, inawasha na kubandua magamba haraka.

Mkielewa hilo, mtaelewa kwa nini dawa tunayoipenda sana, kupaka mawese kwenye kichwa, inaweza kuzidisha mba. Tunaona magamba, tunasema "kichwa kimekauka", tunamwaga mafuta. Kumbe tunakalisha kuvu mezani. Ukitaka mafuta, paka kwenye nywele zenyewe, si kwenye ngozi. Na petroli, ndimu, majivu, maji ya betri, yote hayo tuyaache. Yanaunguza.

Kwa mba ndogo: osha kichwa na shampuu ya kawaida, sugua ngozi kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Ikikataa, tafuta farmasini shampuu yenye ketokonazoli ya asilimia 2, ama yenye zinki pirithioni, ama sulfidi ya seleni. Ketokonazoli inatumika hivi: lowesha kichwa, paka, acha dakika 5, suuza vizuri. Watu wengi wanapaka na kusuuza palepale, kisha wanasema dawa haifanyi kazi. Zile dakika 5 njo dawa. Mara 2 kwa wiki, wiki 4. Mba ikitulia, mara 1 kila wiki moja ama mbili ili isirudi, kwa sababu mba inatulizwa, haimalizwi. Mama mwenye nywele kavu ama masuko, mara 1 kwa wiki inatosha, na shampuu ifike kwenye ngozi katikati ya mistari.

Mtu ataniuliza: mba njo inayorudisha kipaji nyuma? Hapana. Mba ndogo haiondoi mashina. Lakini kujikuna kunakata nywele, na ngozi inayowasha haistahili kuwekewa dawa ingine kali juu yake. Kwa hiyo tuliza mba kwanza, wiki 4, halafu njo ufikirie kipaji.

KIPAJI: CHUPA INA BEI YAKE

Mnaniangalia mkicheka, najua. Kipaji changu mimi mwenyewe kimeanza safari, na mba nilikuwa nayo. Basi niwaambie nilivyopanga.

Kwa wanaume kuko dawa ya kupaka ambayo imepimwa kweli, inaitwa minoksidili. Ilianza kama kidonge cha presha. Wagonjwa wa presha wakaanza kuota nywele pahali hawakutarajia, njo wataalamu wakaigeuza dawa ya kupaka, na Marekani ikairuhusu mwaka 1988. Kwa mwanaume ni ya asilimia 5, mililita 1 asubuhi na mililita 1 jioni, kwenye ngozi kavu, kisha unaosha mikono. Usiloweshe kichwa kwa saa 4 hivi. Ina pombe ndani, kwa hiyo usiipake karibu na mbabula. Wiki za kwanza nywele zinaweza kuanguka zaidi, na watu wengi wanaogopa na kuitupa hapo. Matokeo unayatafuta baada ya miezi 4 mpaka 6. Inasaidia zaidi kwenye utosi kuliko kwenye kona za kipaji. Mama mwenye mimba ama anayenyonyesha asiipake. Mwenye ugonjwa wa moyo aulize daktari kwanza. Watoto, hapana.

Sasa sikieni hesabu. Mililita 2 kwa siku, siku 30, ni mililita 60. Ni chupa nzima kila mwezi. Na ukiacha, ndani ya miezi michache zile ulizozipata zinaondoka. Maana yake hununui chupa, unanunua chupa 12 kwa mwaka, na mwaka unaofuata tena 12. Kabla ya kununua ya kwanza, jiulize kama utaweza kununua ya kumi. Kama jibu ni hapana, usianze. Si haya. Mimi nilipiga ile hesabu, nikaona minervali ya watoto, nikachagua: mba naitibu, nywele nakata fupi kabisa, kipaji nakiacha kiende kinakotaka kwenda.

Lakini mwenye uwezo akitaka kutumia, ni haki yake, tusimcheke. Apige picha ya kichwa kwa simu siku ya kwanza, pahali pamoja, mwanga uleule, kisha kila mwezi. Kioo kinadanganya, picha inasema ukweli. Na abadilishe kitu kimoja kimoja. Ukianza vitu vitatu siku moja, hutajua kilichokusaidia wala kilichokuunguza.

Kuko tena kidonge, finasteridi. Kile si cha kununua sokoni. Kinagusa homoni, wanaume wengine kinawapunguzia nguvu za kitanda, na mama mwenye mimba hafai hata kushika kile kilichovunjika, juu kinaweza kumharibu mtoto wa kiume tumboni. Ni kwa daktari tu.

Na vile vichupa na mafuta visivyo na jina? Vingi vya kujichubua vina klobetasoli ndani, dawa kali sana ya ngozi. Ukipaka, muwasho unakwisha haraka, unashukuru. Baada ya miezi ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, inatoa vipele, na ukiacha muwasho unarudi na ndugu zake. Chupa isiyoandikwa kilichomo ndani, isiyo na tarehe ya mwisho, ama iliyokaa juani sokoni, iache pale.

WASUSI WETU

Sasa naomba dada zetu wanaosuka wanisikilize bila kukasirika. Kusuka ni kazi ya heshima. Kuna wajane hapa ambao mikono yao njo imesomesha watoto. Hakuna anayetaka kuifunga kazi hiyo.

Tatizo ni kwamba mteja anataka suko libane, juu anataka likae miezi miwili. Msusi akilegeza, mteja anasema hajui kazi, anaenda kwa jirani. Kwa hiyo msusi mmoja peke yake hawezi kubadilisha kitu, atapoteza chakula chake. Lakini nyinyi nyote mkisimama pamoja, mteja ataenda kwa nani? Njo ombi langu kwa chama: wasusi wote wapatane neno moja, na walitundike ukutani:

Suko likiuma, tunalilegeza palepale. Dawa ya maumivu si kumeza kidonge usiku.
Nywele za kipaji na za pembeni zinasukwa kubwa kidogo, bila kuvuta, na meshi nyepesi.
Vipele vikitoka kwenye mstari wa mbele, tunafungua, hata kama ni siku ya pili.
Suko halipiti wiki 6 mpaka 8, kisha kichwa kinapumzika.
Hatusuki juu ya nywele zilizotoka kwenye defriza wiki hiyohiyo.
Watoto tunawasukia bila meshi.

Na upande wa wanaume, wanaonyoa: wembe mmoja, mtu mmoja, kisha unatupwa. Damu kidogo isiyoonekana inatosha kupitisha virusi vya ini na virusi vya ukimwi. Vitana na meno ya mashine mnaviosha na sabuni kwanza, kisha mnaviweka kwenye maji ya javeli. Kama javeli yako ni ya asilimia 5, kipimo 1 cha javeli na vipimo 9 vya maji, dakika 10, kisha unasuuza na kukausha. Maji hayo yanatengenezwa mapya kila asubuhi.

Kwa ndugu wafadhili nasema hivi: vifaa vya saluni mlivyotoa vimesaidia sana. Kwenye awamu itakayofuata, mpunguze meshi, mwongeze beseni, javeli, nyembe na siku moja ya mafunzo pamoja na muganga wa kituo. Ni feza ndogo, na italinda vichwa vya watu wengi. Kwa komite nasema: mkopo wa AVEC ni wa mbegu, mifugo na biashara. Chupa ya nywele haizai riba. Lakini mtoto mwenye mapunye, mfuko wa mshikamano umsaidie dawa, kwa sababu yeye mmoja anaweza kuambukiza darasa.

MAULIZO YALIYOFUATA

Mama mmoja: Pembeni pangu pamebaki ngozi tu tangu kambini. Itarudia?

Jibu: Mama, nikuambie ukweli. Kama ngozi bado ina vitundu vidogo na vinywele laini, acha kusuka pale kabisa, miezi 6, vaa kitambaa bila kubana, kuna matumaini. Kama imekuwa laini na inang'aa, haitarudi. Hapo tunasuka nyuma vizuri, tunafunika mbele kwa kitambaa kizuri, na binti yako tunamlinda asifike pale. Hilo njo kubwa zaidi.

Kijana mmoja: Nikinyoa kipara mara kwa mara, nywele zitatoka na nguvu?

Jibu: Hapana. Wembe unakata uzi, haufiki kwenye shina. Nywele inatoka ileile. Ukipenda kipara, nyoa juu unapenda.

Mzee mmoja: Lini nisiangaike nyumbani, niende kituoni?

Jibu: Ukiona usaha ama vidonda kwenye kichwa. Nywele zikitoka kwa mabaka ghafla, hata kama hakuna muwasho. Zikianguka pamoja na vipele vya mwili ama kidonda cha sehemu za siri, juu kaswende inaweza kufanya hivyo, na ina dawa. Vipele vyenye maji pamoja na homa, siku ileile. Na mba ambayo imekataa shampuu kwa wiki 4.

Mama mweka-hazina: Wasusi wanaokubali lile neno moja, waandikwe wapi?

Jibu: Kwako, mama, leo, kabla hatujatoka. Muganga wa kituo aniambie siku anayoweza, tutakutana hapahapa na vitana vyenu.